Mgongo umevunjika, madeni yamejaa, na naambiwa sina imani: jibu kwa ndugu mmoja

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Bwana asifiwe mchungaji, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, nilikuwa fundi ujenzi. Mwaka jana nilianguka kazini kutoka juu nikavunjika mgongo, toka siku hiyo kuanzia kiunoni kushuka chini sisikii kitu, nipo kwenye kiti cha magurudumu. Mke wangu ndo anahangaika na vibarua. Kodi ya nyumba inadaiwa, nimekopa kwa watu mpaka simu ikiita naogopa. Tumeombewa sana. Kuna mtumishi amesema kinachozuia uponyaji wangu ni imani ndogo, na kwamba nipande mbegu, nitoe kile cha mwisho kabisa kama mjane wa Sarepta. Hela nimeshaiweka kwenye bahasha, mke amejua amenuna haongei na mimi. Bosi wangu wa zamani alikuja kunisalimia akasema yote tumwachie Mungu. Nina kidonda kidogo kwa nyuma ila hakiumi. Usiku mwingine nawaza bora nisingeamka. Naomba kuuliza, nitamwaminije Mungu katika hali hii, na je ni kweli sina imani?"

Marahaba mdogo wangu, Bwana asifiwe sana. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na utanisamehe maana nitaanza na kile ambacho wewe umekitaja kama unapita tu, kile kidonda. Unasema hakiumi. Hakiumi kwa sababu huko huna hisia, sio kwa sababu ni kidogo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo akikalia sehemu moja muda mrefu damu inashindwa kupita pale, nyama inaanza kufa kule ndani karibu na mfupa, kwa nje unaona kadoa kama ukucha kumbe chini yake kuna shimo. Nimehudumia wagonjwa wodini miaka mingi na nimezika watu ambao mgongo haukuwaua, kidonda ndo kiliwaua. Kwahiyo hospitali ni wiki hii, kabla ya mkesha wowote na kabla ya semina yoyote. Wakati unasubiri kwenda usikikalie kabisa hicho kidonda, kitandani ugeuzwe kila baada ya masaa mawili hivi hata usiku, ukiwa kwenye kiti jiinue kwa mikono au egemea upande mara kwa mara, nusu saa isipite. Na kila siku mtu akuangalie nyuma, kama hayupo piga picha kwa simu ujione mwenyewe. Ukisikia homa, au kikatoa harufu, au ukaona weusi, hapo hata kesho usisubiri.

Najua utasema mchungaji nimekuuliza habari za imani unanijibu habari za makalio. Ndo hivyo. Paulo alimwandikia Timotheo ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua mara kwa mara, na hakumwambia likemee, alimwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, ambayo kwa siku zile ilikuwa ni dawa. Ni 1 Timotheo 5:23, mstari ambao watu wanaupenda kwa sababu nyingine kabisa haha, lakini mimi naupenda kwa sababu mtume mzima anaandika waraka wa Mungu na katikati anaweka ushauri wa tumbo.

La pili, usiku. Umesema "bora nisingeamka" alafu ukaendelea na sentensi nyingine kama vile haujasema kitu. Nimekusikia. Eliya alisema maneno hayo hayo, 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mti akamwomba Mungu aitwae roho yake, na huyu alikuwa ametoka kushusha moto mbinguni juzi tu, kwahiyo usije ukadhani wanaowaza hivyo ni watu wasiomjua Mungu. Sasa angalia Mungu alivyomjibu, hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamgusa akamwambia inuka ule, akala akanywa akalala tena, akaguswa mara ya pili akala tena, alafu ndo safari, na maongezi yakaja siku nyingi baadaye kabisa huko mlimani. Kwahiyo na wewe leo leo mwambie mtu mmoja kwa mdomo wako, mke au rafiki, "usiku nawaza kufa", na ukifika hospitali kwa ajili ya kidonda mwambie na daktari maneno hayo hayo bila kuyapamba, maana baada ya kuumia uti wa mgongo jambo hili linawapata wengi na lina tiba. Na ikitokea usiku mawazo yamekuwa mazito zaidi, yamefika kwenye kupanga, usibaki peke yako hata dakika moja, amsha mtu, uwahishwe hospitali usiku huo huo.

Haya, tuje kwenye imani.

Naomba nikusimulie kitu. Mimi mguu wangu wa kushoto uliondoka na polio nikiwa mdogo sana, sikumbuki kutembea bila gongo. Nikiwa na miaka kumi na moja mama alinipeleka kwenye mkutano mkubwa wa maombi, mhubiri alikuwa mgeni, watu wamejaa. Nikapandishwa jukwaani, akaniwekea mikono, akapiga kelele, alafu akanyang'anya magongo yangu yote mawili akayarusha nyuma ya jukwaa akasema tembea. Nilitembea hatua moja ndugu yangu, ya pili nikaenda chini na bega. Wakaninyanyua haraka haraka wakanishusha kwa pembeni, na nikasikia kwenye spika anawaambia watu kwamba kuna wengine wanapokea na wengine mioyo yao imefunga mlango. Nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba mimi ndo nimefunga mlango. Mpaka leo ninachokikumbuka kuliko kelele zote zile ni mama yangu, mkutano umeisha, taa zinazimwa, ameinama kule nyuma ya jukwaa kwenye nyaya na maturubai anatafuta magongo yangu kwa kupapasa. Alipata moja. Akanibeba mgongoni nikiwa nimelishika lile moja, na njiani hakusema neno, alikuwa anaimba kwa chini tu. Miaka mingi baadaye nikiwa nasoma chuo cha Biblia ndo nikajiuliza, jioni ile imani ilikuwa jukwaani au ilikuwa kule nyuma gizani.

Basi nimeirudia hii habari ya "imani ndogo inazuia uponyaji" kwenye Maandiko mara nyingi kuliko somo lolote, kwa sababu ilinikaa kifuani. Na nikwambie nilichokuta. Yohana 5 kuna mtu pale birika la Bethzatha, ana miaka 38 hawezi. Yesu anamuuliza wataka kuwa mzima, na yule mtu hata hajibu ndiyo, anaanza kulalamika hana mtu wa kumtia birikani. Akaponywa. Alafu soma mstari wa 13, alipoulizwa nani amekuponya hakumjua ni nani! Imani yake ilikuwa kwa nani sasa wakati hata jina hajui? Nenda Marko 2, huyu ni mwenzako kabisa, amepooza, wenzake wanne wamembeba, mlango umejaa wakapanda juu wakatoboa dari wakamshusha. Imeandikwa Yesu alipoiona imani yao. YAO. Yule aliyelala kwenye godoro hasemi neno hata moja toka mwanzo wa habari mpaka mwisho, hatujui hata kama alikubali kubebwa au alikuwa anawaambia jamani niacheni. Na upande wa pili kuna Paulo, mtu ambaye Matendo 19 inasema leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, huyo huyo mwishoni mwa 2 Timotheo anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Alimwacha anaumwa. Rafiki yake. Na mwiba wake mwenyewe, ile shida aliyoiita mwiba katika mwili, aliuombea mara tatu na jibu likawa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Sasa nani ataenda kumwambia Paulo imani yako ndogo?

Zipo sehemu Yesu anamwambia mtu imani yako imekuponya, sizifichi. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 aliambiwa hivyo. Lakini mtazame huyo mama vizuri maana yeye anafanana na wewe kuliko unavyodhani, Marko anasema alikuwa ametaabishwa na waganga wengi, ametumia vyote alivyokuwa navyo na hali ikazidi kuwa mbaya. Ugonjwa na ufilisi kwa pamoja. Na alipofika kwa Yesu hakuwa na kitu cha kutoa, ameishiwa, alikuja na mkono mtupu akashika pindo la vazi kwa siri. Imani yake aliyosifiwa nayo ndo hiyo, kuja. Yesu hakumwambia ungebakiza kidogo kwa ajili ya sadaka.

Kwahiyo swali lako la pili nalijibu hivi: wewe ambaye toka mwaka jana huna miguu, unadaiwa, husikii kitu kutoka mbinguni, na bado unaandika "nitamwaminije Mungu", wewe imani unayo. Asiye nayo haulizi. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" na Yesu akampokea na hiyo hiyo iliyochanganyika.

Sasa bahasha. Hapa nitakuwa mkali kidogo unisamehe.

Huyo mtumishi amekupa mjane wa Sarepta. Habari ni nzuri, 1 Wafalme 17, mjane ana unga konzi moja na mafuta kidogo, Eliya anamwambia nifanyie mimi kwanza mkate mdogo. Lakini watu huwa wanaacha kusoma mapema. Eliya alikuwa mwenyewe na njaa, kijito alichokuwa anakunywa kimekauka, na baada ya pale hakuondoka na ule unga akaenda kujenga kwake, alibaki kwenye nyumba ile ile, akala chungu kimoja na yule mama na mwanawe siku nyingi. Mwambie mtumishi wako ahamie kwako basi mle wote kinachobaki, alafu tuone kama bado analipenda hilo andiko. Na jambo la pili, hakuna mahali popote kwenye Biblia Eliya au nabii yeyote aliigeuza siku ile kuwa kanuni ya kila mjane.

Watakupeleka pia kwa mjane wa senti mbili, Marko 12. Mimi mwenyewe nimehubiri hilo fungu vibaya miaka kadhaa kabla sijaona limekaa wapi. Mstari wa 40, yaani kabla tu ya yule mama kuingia, Yesu anawalaumu waandishi ambao hula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Alafu anaingia mjane, anatoa riziki yake yote. Alafu mlango wa 13 unapofunguka Yesu anatoka hekaluni anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe. Yesu alimheshimu yule mama, hilo halina ubishi, lakini ule mfumo uliomfanya abaki bila kitu hakuusifia hata kidogo.

Mjane ambaye mimi ningekupa wewe ni mwingine kabisa, 2 Wafalme 4, na nashangaa kwanini siku za harambee huyu hatajwi. Mume amekufa, kuna deni, aliyemdai anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Hiyo ndo simu yako inayoita. Anamlilia Elisha, na Elisha anamuuliza una kitu gani nyumbani, ana chupa ya mafuta tu. Anaambiwa nenda kaazime vyombo kwa majirani zako wote, vyombo vitupu, usiazime vichache. Yaani kabla muujiza haujatokea mtaa mzima ulishajua kwamba huyu mama ana shida, maana nani anapita nyumba kwa nyumba anaomba vyombo vitupu? Ile aibu unayoikimbia wewe ilikuwa ni sehemu ya njia. Mafuta yakajaa, vyombo vilipoisha yakakoma, akarudi kwa nabii. Na Elisha anasema nini? Kauze mafuta, lipa deni lako, kinachobaki kuleni wewe na wanao. Deni kwanza, watoto baadaye, na nabii hakuchukua hata tone. Nimeitafuta asilimia ya nabii pale sijaiona.

Sikwambii usitoe sadaka maisha yako yote. Paulo anasema kutoa kunakubaliwa kwa kadiri ya alichonacho mtu na sio kwa kadiri ya asichonacho, 2 Wakorintho 8:12, na mstari unaofuata anasema hataki wengine wapate raha ninyi mpate dhiki. Sa hivi ndugu yangu wewe uko upande wa kupokea. Kanisa la kwanza lilikuwa na mgawo wa kila siku kwa wajane, na siku wale wajane waliokuwa wanaongea Kiyunani waliposahauliwa kukatokea manung'uniko, na mitume hawakuwaambia waliosahauliwa wafunge na kuomba, walichagua watu saba wenye sifa njema wakasimamia ule mgawo, Matendo 6. Kwahiyo nenda kwa mchungaji wako au mzee wa kanisa, wenye akili timamu wapo wengi, umwambie kwa namba: nadaiwa kodi miezi hii, nahitaji kufika hospitali, nahitaji mtu wa kunigeuza usiku siku mbili kwa wiki ili mke wangu alale. Namba, sio "niombeeni". Ukisema niombeeni watasema amina wataondoka, na wala hawatakuwa na ubaya, hawajui tu wafanye nini.

Nimekumbuka na ngazi. Hujasema kama unaenda ibadani, ila kama huendi kwa sababu kuna ngazi na unaona aibu kubebwa kama mzigo, waambie. Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kwazo mbele yake, na mimi sioni tofauti kubwa kati ya kwazo na ngazi kumi zisizo na njia ya mteremko.

Na ukiwa hapo hapo Walawi 19 rudi nyuma mstari mmoja tu, wa 13. Usimdhulumu jirani yako, ujira wa kibarua usikae kwako mpaka asubuhi. Mungu amezipanga kwa jirani hizo amri mbili, haki ya mfanyakazi na haki ya mwenye ulemavu, moja baada ya nyingine, na wewe sa hivi umesimama katikati yake. Uliandika ulianguka kazini. Bosi alikuja akasema tumwachie Mungu. Mimi nakuuliza, umedai fidia? Nchi nyingi zina sheria ya fidia kwa anayeumia kazini, na sheria hizo huwa na muda wake wa mwisho wa kudai, ukipita basi. Kwahiyo tafuta msaada wa kisheria, mara nyingi kuna wanaotoa bure, au chama cha wafanyakazi, au ofisi ya serikali ya kazi, uende na karatasi zote za hospitali za siku ile na majina ya waliokuona ukianguka. Uliza pia kuhusu haki zako kama mtu mwenye ulemavu, kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 ambao nchi nyingi sana zimeuridhia, unazungumzia kazi, matibabu, kipato cha kujikimu, na serikali nyingi zina utaratibu wa kuandikishwa hata kama hautangazwi.

Naona unajiambia mkristo anasamehe. Msamehe kabisa bosi, kila asubuhi ukitaka. Kusamehe ni moyo wako kutobeba chuki, fidia ni hela ya watoto wako, ni vitu viwili. Huyo anayesema tumwachie Mungu wakati deni ni lake amemwachia Mungu bili ambayo ni yake. Yakobo 5:4 ujira uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana, sasa kama ujira wenyewe unapiga kelele kwanini wewe unyamaze?

Kwa wanaokudai, pokea simu. Kaa na mke wako mwandike nani na kiasi gani, alafu umpigie wewe kabla hajapiga yeye, umwambie ukweli wa hali na kile kidogo unachoweza kwa mwezi hata kama kinachekesha. Wengi kinachowaudhi zaidi ni kutopokelewa. Na usikope tena kulipa deni lingine, hilo shimo halina chini.

Sasa kumwamini Mungu. Nimechelewa kufika hapa ila nadhani umeona nilikuwa naongelea hilo hilo muda wote.

Watu wengi wamefundishwa kwamba kuamini ni kusema mambo mazuri. Ukiulizwa unaendeleaje useme nimebarikiwa, moyoni umekufa. Zaburi hazifanyi hivyo. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", hiyo ni Zaburi ya 13 na ni maombi, imewekwa ndani ya Biblia ili watu kama wewe waisome kwa sauti. Ya 88 ni nzito zaidi, inaanza gizani na inaisha gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa "lakini nitamsifu". Mwanzoni nilidhani imekatwa. Siku hizi nikiwa na mgonjwa ambaye hawezi kusema haleluya ndo namsomea hiyo, na nimeona watu wazima wakilia kwa kuona kumbe inaruhusiwa. Kwahiyo usiku yale mawazo yakija, mwambie Mungu mwenyewe hivyo hivyo yalivyo, kwa hasira kama una hasira. Kumlalamikia ni kuendelea kuongea naye. Yeremia alimwambia Mungu umenihadaa, na hakufukuzwa kazi.

Alafu imani ipunguze iwe ya siku moja. Yesu alifundisha "Utupe leo riziki yetu", leo. Mana jangwani ilikuwa hivyo, aliyeweka ya kesho iliingia mabuu ikanuka, isipokuwa ile ya sabato. Ukianza kumwamini Mungu kwa miaka 30 ijayo kwenye kiti, na ada za watoto wote watatu, na kodi, utazama, hiyo neema hujapewa bado kwa sababu hiyo miaka haijafika. Ya leo ipo. Watu wanapenda "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" kama vile Paulo alikuwa anaenda mashindanoni, kumbe yuko kifungoni, na mistari miwili iliyotangulia anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Amejifunza. Hakuzaliwa nayo, na mstari unaofuata anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, yaani mambo yote aliyaweza huku akipokea msaada.

Utaulizwa kwanini wewe, na utajiuliza mwenyewe. Wanafunzi waliuliza hivyo kwa yule kipofu wa Yohana 9, nani alitenda dhambi, na Yesu alikataa swali lenyewe, akasema si yeye wala wazazi wake. Wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu aliwakataa pia wasihesabiwe kuwa waovu kuliko wengine. Ulianguka kwa sababu kuna kitu kilikuwa hakijafungwa vizuri huko juu, au mbao ilikuwa mbovu, basi. Usimtafutie Mungu kosa lako la zamani la kuelezea ubao mbovu.

Na je utatembea tena? Naamini Mungu anaponya, naomba uponyaji kila wiki, na siku ukiinuka nitalia kwa furaha. Endelea kuomba. Ila usiyaweke maisha yako kwenye foleni ukisubiri siku hiyo. Kuna mama mmoja Marekani, Joni Eareckson Tada, mwaka 1967 akiwa na miaka 17 alipiga mbizi kwenye maji mafupi akavunjika shingo, mikono na miguu vyote vikaisha. Alienda kwenye mikutano ya uponyaji, akaombewa, akarudi na kiti chake. Alijifunza kuchora kwa mdomo, baadaye akaanzisha huduma kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Sikutajii ili uwe kama yeye, nachukia sana ile tabia ya kumwambia mtu mwenye ulemavu mbona fulani ameweza. Huna deni la kuwa mahubiri ya mtu. Nakutajia ujue tu kwamba hiyo barabara ya kuombewa na kurudi na kiti imepitwa na watu wanaompenda Yesu mpaka leo.

Ule wimbo mama alikuwa anauimba amenibeba mgongoni ni Usinipite Mwokozi. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba aliyeutunga, Fanny Crosby, alipoteza macho akiwa mtoto wa wiki chache tu mwaka 1820, akaishi kipofu mpaka 1915, akatunga nyimbo maelfu. Ukiimba sasa "unapozuru wengine, usinipite" ujue aliyeandika alikuwa anajua kubaki vile vile huku wengine wanazuriwa. Kama maombi mengine yamekukauka, huo unatosha kwa wiki hii.

Mke wako hajakasirika kwa sababu hana imani. Amekasirika kwa sababu ndo anayejua kilichobaki ndani ya nyumba, na ameona kinaenda nje kwa mtu ambaye hajawahi kukugeuza usiku. Usiku huu, kabla hajalala, mpe ile bahasha mkononi, umwambie ni nauli ya hospitali kesho kutwa, na kinachobaki ni chake kupanga. Alafu mwambie na lile la usiku. Akinuna bado mwache anune, usimhubirie. Daktari akishaangalia kidonda niandikie alichosema, na uniambie ulianguka tarehe ngapi, nataka tuhesabu pamoja kama muda wa kudai fidia bado upo.